Sauti Iliyotoka Fumba

Anayetoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi hupita Mazeras, Mariakani, Samburu na Taru, kisha huingia Mackinnon Road, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale ulio karibu na mpaka wa Taita Taveta. Kando ya reli upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Bara Hindi anayesimuliwa kuwa alikuja kujenga reli na akawa walii. Wasafiri wengi husimama pale kuomba dua kabla ya kuendelea. Mji wenyewe umebeba jina la Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, ambaye mwaka 1890 alianza kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea Ziwa Victoria.

Mackinnon alipewa kibali cha kuendesha ukanda huu wa pwani mwaka 1887, na aliyempa ni Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Jina la Barghash lina historia ya pili, ambayo haikuandikwa kwenye kibao chochote cha barabara. Ndiye sultani anayetajwa kuwa aliileta taarab Zanzibar. Wazee wa muziki husimulia kwamba alipenda sana uimbaji wa Misri, akawaalika wanamuziki wa Cairo kumtumbuiza, kisha akamtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda huko kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kijana aliporudi, jumba la sultani likawa na kikundi chake, kikiimba kwa Kiarabu mbele ya wageni wateule.

Cairo ya wakati huo ilikuwa na muziki wa aina nyingi kwa mpigo mmoja. Mtawala wake, Khedive Ismail, alijenga jumba la opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, lililofunguliwa Novemba 1869 katika sherehe za Mfereji wa Suez. Tarehe 24 Desemba 1871, ndani ya jumba hilo, ilichezwa kwa mara ya kwanza opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi iitwayo Aida. Msichana Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kufanywa mjakazi huko Misri. Haikuwa hadithi ya mbali kwa Ismail. Miaka minne baadaye majeshi yake yaliivamia Ethiopia kwelikweli na kupigwa vibaya, na mwaka huohuo wa 1875 meli zake zikatia nanga Kismayu na Barawa, bandari za Barghash, hadi Waingereza walipomlazimisha kuondoka.

Kwa hiyo katika muongo mmoja, mji mmoja ulizaa mambo mawili: opera yenye mjakazi wa Kiafrika jukwaani, na muziki wa kasri uliovuka bahari hadi Unguja. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya kila kimoja kupata sauti ya mwanamke aliyekibadilisha. Aida ilimpata Leontyne Price, Mmarekani mweusi. Taarab ilimpata Siti binti Saad. Price anajulikana dunia nzima na santuri zake zinauzwa mpaka leo. Siti, ambaye alifanya kazi kubwa isiyopungua hiyo, vijana wengi wa pwani yetu wanalijua jina lake tu, na pengine hata hilo hawalijui.

Price alizaliwa Februari 1927 Laurel, mji wa Mississippi, katika Marekani ya ubaguzi wa sheria. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama alimpeleka Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mweusi ambaye mwaka 1939 aliimba mbele ya watu kiasi cha 75,000 nje ya jengo la ukumbusho la Lincoln baada ya kunyimwa ukumbi mjini Washington. Mtoto yule akasoma Juilliard, New York. Mwaka 1955 alipoimba opera ya Tosca kwenye televisheni, baadhi ya vituo vya majimbo ya Kusini vilikataa kuirusha. Tarehe 27 Januari 1961 alisimama kwa mara ya kwanza katika jumba la Metropolitan la New York, akaimba Il Trovatore, na makofi ya mwisho yakadumu, kwa simulizi zilizoenea, dakika 42. Alipoaga jukwaa la opera mwezi Januari 1985, alichagua kuaga kwa Aida.

Sauti ya juu kabisa ya mwanamke, ile ambayo kwaya zetu za makanisani huiita soprano, katika opera hufundishwa kwa miaka mingi ili ifanye jambo gumu: isikike nyuma ya ukumbi wa watu maelfu, juu ya ala themanini au zaidi, bila kipaza sauti. Siri yake haiko katika kupiga kelele. Ala za okestra zikipigwa pamoja hutoa nguvu nyingi katika mitetemo ya chini, karibu na mara 500 kwa sekunde, na nguvu hiyo hupungua sana ikifika mara 3,000. Sikio la binadamu nalo hushika vizuri sana sauti za eneo hilo la 3,000. Mwimbaji aliyefundishwa huipanga koo na kinywa chake ili sauti ijae pale ambapo ala ni dhaifu. Soprano akipanda juu zaidi, hulazimika kufungua taya kwa upana, ili uwazi wa kinywa uende sambamba na noti anayoiimba. Ile noti ya juu wanayoiita C ya juu hutetema zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde.

Gharama yake ni maneno. Noti zikishapanda hivyo, "a", "e" na "o" hufanana masikioni, na msikilizaji hubaki na utamu wa sauti huku matamshi yakipotea. Watu wa opera wameukubali mpango huo. Hadithi huisoma kwenye kitabu au kwenye maandishi yanayoonyeshwa juu ya jukwaa. Siti asingeweza kuukubali hata siku moja. Wasikilizaji wake walikuja kwa ajili ya shairi, na shairi la Kiswahili likipoteza vina halibaki na kitu.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880, miaka 17 hivi kabla ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, Unyamwezi na Uzigua, watu wa tabaka la watumwa, na mtoto walimpa jina la Mtumwa. Hakwenda shule wala chuoni. Alijifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake, akawa anavibeba hadi mjini, mwendo mrefu wa miguu, akivinadi njiani. Simulizi za Unguja zinasema watu wa mjini walimtambua kwa mwito wake kabla hawajamwona, na vyungu vyake vilikwisha mapema.

Sehemu hii ya maisha yake hupitwa haraka na waandishi wengi, kana kwamba ni umaskini tu aliokuwa nao kabla ya kipaji kugunduliwa. Kwa kweli lilikuwa darasa. Mwanamke anayetembea na mzigo kichwani huku akinadi bidhaa anajifunza kupumua kutoka chini, kwa tumbo na mbavu, kwa sababu shingo haiwezi kusaidia. Anajifunza kurusha sauti mbele, nje ya koo, ipite ukuta na ifike uani. Anajifunza kutamka, maana mnunuzi asiyeelewa kinachouzwa hatoki nje. Wanafunzi wa opera hulipia masomo hayo matatu kwa fedha nyingi.

Mwaka 1911 alihamia mjini, upande wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida na wa waliotoka utumwani. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho kipo hadi leo. Ali Muhsin alimfundisha kuimba na kufuata ala. Siti pia alijifunza kusoma Kurani kwa moyo, na kwa kuwa hakujua kuandika, nyimbo zote, za Kiarabu na za Kiswahili, alizihifadhi kichwani. Tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, ilimpa nidhamu ambayo hakuna mwalimu wa opera angeipuuza: wapi pa kuvuta, wapi pa kukata, herufi ipi inatoka kooni na ipi kwenye ncha ya ulimi.

Waliomsindikiza walikuwa mafundi hasa: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Kundi dogo, ala chache, udi na fidla na ngoma za mkono. Hapakuwa na okestra ya kushindana nayo. Sauti yake ingeweza kubaki katika kimo ambacho kila silabi inasikika, ikapanda pale tu panapohitaji kupanda, ikazunguka kwenye neno moja kwa mapambo ya Kiarabu, kisha ikatua kwenye kina barabara. Katika santuri zilizosalia, mikwaruzo na yote, sauti hiyo bado inakuja mbele: ni kali, nyembamba kiasi, inapita puani kidogo kwa namna ya waimbaji wa Misri na wasomaji wa maulidi, na haitetereki.

Usiku nyumbani kwake Ng'ambo palikuwa baraza. Majirani walifika, habari za mji zikazungumzwa, na kutokana na mazungumzo hayo nyimbo zikatungwa: hakimu aliyepokea rushwa, mume anayepiga mke, tajiri anayewaonea wapangaji. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, na mwanahistoria Laura Fair, aliyezichunguza nyimbo za Siti kwa kina, anaonyesha jinsi muziki huo na siasa za mtaa zilivyoishi nyumba moja. Wimbo mashuhuri kuliko yote ni Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha mgeni wa kike, mjamzito, aliyetoka Dar es Salaam, akatolewa matembezi na mwanamume aitwaye Kijiti, akabakwa na kuuawa. Kijiti alikimbilia bara. Waliohukumiwa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, waliojitokeza kuwa mashahidi. Siti aliisimamisha mahakama nzima ndani ya wimbo mmoja, na watu wa Unguja hawajaisahau kesi hiyo hadi leo, ilhali majalada ya mahakama hakuna anayeyasoma.

Huyu mwanamke wa vyungu aliitwa pia kasrini. Sultani Khalifa bin Harub alimsikiliza, na mabwana wakubwa wa Kiarabu na Kihindi walimwalika kwenye harusi zao. Waliomwonea wivu walitunga wimbo wa kumsimanga kwa sura yake, kwa kutoka shamba, kwa nguo za kaniki alizokuja nazo mjini. Naye akawajibu kwa wimbo: hoja yake ilikuwa kwamba si uzuri wala nasaba vinavyompa mtu thamani, na kwamba anayekosa akili ndiye aliyepata hasara. Wimbo wa masimango na wa majibu, nyimbo zote mbili zimehifadhiwa. Ndivyo taarab inavyofanya kazi hata sasa, na wasikilizaji wa mipasho wanajua.

Machi 1928 kampuni ya HMV ya Uingereza ilimsafirisha Siti na kundi lake hadi Bombay kurekodi. Wao ndio waliofungua njia ya nyimbo za Kiswahili za Afrika Mashariki kuuzwa kwa wingi kwenye santuri. Kurekodi kwenyewe kulikuwa na mateso yake. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu hivi, na wimbo ambao harusini ungeendelea robo saa, ukirudiwa beti kila mara mtu anapoinuka kutunza, ulilazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Mwimbaji alipaswa kuamua papo hapo beti ipi ibaki. Asiyejua kusoma, akiwa na beti zote kichwani, alifanya uhariri huo mbele ya kipaza sauti katika mji wa kigeni.

Sahani ziliuzwa kupita matarajio. Watafiti wa muziki wa pwani hutaja hesabu ya kampuni kwamba hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa 72,000. Kampuni nyingine za Ulaya, zikiwamo Odeon, Pathé na Columbia, zikakimbilia soko hilo, na mwaka 1930 Columbia ikaja kurekodi Zanzibar penyewe. Sauti ya Siti ikaenda ambako yeye hakuwahi kufika: kwenye maduka na migahawa yenye santuri, Lamu hadi Kilwa, na bara kwa njia ya reli. Kwa mara ya kwanza mtu wa mbali na bahari aliweza kuisikia taarab bila kualikwa harusi ya tajiri.

Hapo ndipo tofauti kati yake na Price inapoonekana vizuri. Price aliingia ndani ya jumba lililokuwa limefungwa, akalishinda kwa kanuni zake lenyewe, na hilo ni jambo kubwa sana kwa binti wa Mississippi. Siti alikitoa kilichokuwa ndani ya kasri, akakibadilisha lugha na kukiweka barazani Ng'ambo. Kabla yake taarab ilikuwa sanaa ya wanaume walioimba Kiarabu ambacho wengi hawakukielewa. Baada yake ikawa ya Kiswahili, na mwanamke akawa na haki ya kuimba hadharani kwa jina lake. Ukipima kwa kiasi sanaa yenyewe ilivyogeuka, Siti alifanya kubwa zaidi.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alimtembelea na kumhoji, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, moja ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kuandika maisha ya mtu kwa mtindo huo. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa wakati wake aliona maisha ya mfinyanzi wa Fumba yanastahili kitabu. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Sauti nazo zikaendelea. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akaimba nyimbo zake, Kijiti ikiwamo, mpaka uzee mkubwa, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo isiyofanana kabisa na ya mwalimu wake. Alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013. Siti Muharam, kitukuu wa Siti, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mwaka 2020. Upande wa Kenya, Zuhura Swaleh wa Mombasa aliichanganya taarab na mdundo wa chakacha, na Malika akaipeleka kwa kizazi kilichofuata. Hata Nyota Ndogo wa Voi, mji wa jirani na Mackinnon Road kwa njia ya Nairobi, alianza na kazi za nyumba za watu kabla ya nyimbo zake kupigwa redioni nchi nzima, na katika uimbaji wake mahadhi ya taarab yanasikika wazi.

Kwale ina sababu ya pekee ya kuijali historia hii. Vanga, Shimoni na Wasini zinatazamana na Pemba, na Wapemba wanaoishi pwani yetu kwa vizazi walitambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Wadigo na Waduruma wana sengenya na kayamba, ambamo wanawake huongoza wimbo kwa sauti ya juu, bila kipaza sauti, usiku kucha, na hakuna chuo kilichowafundisha. Zanzibar kipo Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambako vijana hufundishwa udi, kanuni na uimbaji wa taarab. Kwale ingeweza kupeleka wanafunzi huko, au kumwalika mwalimu aje Msambweni au Kinango kwa likizo moja ya shule. Gharama yake si kubwa kwa kaunti.

Na lipo linaloweza kufanywa na mtu mmojammoja bila kusubiri bajeti. Zipo nyumba Mombasa, Vanga na Msambweni ambamo sahani za zamani bado zimefungwa katika magazeti chini ya kitanda au juu ya kabati. Nyingi zinavunjika wakati wa kuhama, au zinatupwa kwa sababu hakuna mashine ya kuzipigia. Mwenye nazo asizitupe. Azisimamishe wima, azitenge na jua na vumbi, aandike jina la mwimbaji na kampuni iliyo kwenye lebo, kisha aulize Fort Jesus au Ketebul Music ya Nairobi namna ya kuzinakili. Na mwenye bibi anayezikumbuka beti zilizoachwa nje ya santuri, amrekodi kwa simu wiki hii.